Uzi maalum wa GPS za mkononi: pita hapa kabla hujatoa hela yako

Mzururaji wa Mikoani

Wakuu salaam.

Inbox yangu imejaa swali moja: "Mkuu, nataka GPS ya mkononi, ninunue ipi?" Anayeuliza leo anapanda kilele cha Lupanga, Uluguru, na wenzake wa ofisini, wa jana anafuga nyuki Sikonge, wa juzi anataka kujua shamba la marehemu baba yake lina ekari ngapi. Kumjibu kila mmoja nimechoka, nayaweka hapa mara moja. Wenye ujuzi mtaongezea nyama.

Tuelewane kwanza. Siongelei kile kidude kinachofungwa kwenye bodaboda ili tajiri aone pikipiki yake ilipo. Naongelea mashine ya mkononi yenye kioo kidogo na vitufe, unatembea nayo porini, inakuambia uko wapi, umepitia wapi, na unakokwenda kumebaki umbali gani. Garmin ndiye kashika soko hili kiasi kwamba mtu akisema GPS, mara nyingi anamaanisha Garmin.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wabishi mjipange: tofauti kati ya mashine ya bei nafuu na ya bei mbaya ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu aliyeipanga mashine yake vizuri na yule aliyeitoa kwenye boksi akaanza safari. Malalamiko ya "GPS imenipoteza", ukiyafuatilia hadi mwisho, mengi yanaishia kwenye mipangilio. Mashine ilisema kweli, mtu akaisoma kwa lugha nyingine.

Haya, za kununua. Kama matumizi yako ni kutembea mlimani, kutembelea mizinga, kuweka alama ya njia na kurudi salama, anza na familia ya eTrex. eTrex 10 ya mwaka 2011 ni ya kizamani, kioo chake hakina rangi, lakini inakula betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na mtengenezaji anasema zinakwenda saa 25. eTrex 22x ya 2019 ina kioo cha rangi na sehemu ya kuweka memori kadi, kwa hiyo unaweza kuipakia ramani. eTrex SE ilitoka 2023 ikiwa imetangazwa dola 150 huko Marekani. Hiyo haina ramani ndani, inakuonyesha pointi na njia yako tu, ila betri mbili hizohizo inatajwa kwenda nazo hadi saa 168 kwa matumizi ya kawaida. Mimi kwa mtu anayeanza ningechukua 22x, kwa sababu ya ramani.

Ukipanda ngazi unakuta GPSMAP 65s ya 2020, inayopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti badala ya moja. Hiyo inasaidia kwenye mabonde na misitu minene, mahali ambapo mawimbi yanagonga ukuta wa mwamba kwanza kabla ya kufika kwako na kuifanya mashine ikuweke upande wa pili wa mto. Halafu kuna GPSMAP 67 ya 2023, betri yake imejengewa ndani, ya kuchaji, saa 180. Mashine nzuri sana. Lakini mimi bado ni mtu wa AA. Betri ya ndani ikiisha ukiwa Kisaki huna sola wala pawabanki, umeishia hapo. AA duka la kijiji lolote linalouza sabuni na chumvi linazo. Za bei chee zinakufa haraka, ila zinakufikisha.

Kitu kimoja wengi hawajui kuhusu ramani. Ukiagiziwa 22x na shemeji yako aliyeko Marekani, inakuja na ramani ya Marekani. Ukiiwasha Morogoro unaona kioo cheupe chenye barabara kuu mbili tatu, unadhani umepigwa. Hujapigwa. Tafuta ramani za bure za OpenStreetMap zilizotengenezwa kwa ajili ya Garmin, pakua faili la Tanzania, liweke kwenye memori kadi ndani ya folda inayoitwa Garmin, likiwa na jina la gmapsupp.img. Washa upya. Kwa wanaosafiri na magari kwenye hifadhi kuna ramani za Tracks4Africa, hizo ni za kulipia.

Na siku ya kwanza usiwe na haraka. Mashine inahitaji setilaiti nne kukupa mahali na mwinuko, na setilaiti zenyewe ziko kilomita 20,200 juu yetu. Ikiwa imekaa kabatini muda mrefu, au imesafirishwa kutoka bara jingine, inabidi ijifunze upya setilaiti gani ziko wapi. Orodha nzima ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kushuka. Iweke juu ya boneti ya gari, mahali pa wazi, kunywa chai. Anayewasha huku anatembea chini ya miti halafu anasema "haishiki" namshangaa.

Uwanja ni wenu.

---

Simu Yangu Kila Kitu

Mkuu umeandika vizuri ila nina ugomvi na wewe. Mwaka huu mtu anunue kidude chenye kioo kama cha kikokotoo wakati simu yangu ina Organic Maps, ina OsmAnd, ramani nzima ya nchi nimepakua na inafanya kazi bila bando? GPS ya simu haihitaji mtandao, watu wamekaririshwa vibaya tu. Naweka hali ya ndege na bado inanionyesha nilipo. Hiyo hela si bora ninunue mahema?

Mzururaji wa Mikoani

Mkuu, sehemu kubwa ya ulichosema ni kweli tupu. Naongeza: kwa usahihi, simu nyingine zinaishinda eTrex. Xiaomi Mi 8 ya 2018 ndiyo simu ya kwanza iliyopokea masafa mawili, na leo zipo nyingi za namna hiyo. Eneo la wazi, simu kama hiyo ikisimama pembeni ya eTrex 10, naiamini simu.

Kwa hiyo anayekuuzia GPS ya mkononi kwa kusema "ni sahihi zaidi" anakudanganya. Sababu ni nyingine. Mvua ya Uluguru ikianza, kioo cha kugusa kinageuka kichaa, matone yenyewe yanabonyeza. Vitufe havijali. Ukidondosha eTrex kwenye jiwe unaokota unaendelea. Na kubwa kuliko zote: simu ndiyo tochi yako, kamera yako, na ndiyo utakayompigia mtu ukivunjika mguu. Ukiiachia irekodi njia kutwa nzima na kioo kikiwaka kila dakika mbili, jioni huna simu. Mimi natembea na vyote viwili, simu imezimwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Ila kama unatembea nusu siku, njia ina watu, kiangazi, nunua mahema.

Simu Yangu Kila Kitu

Hapo kwenye mvua umenikamata. Naendelea kusoma.

---

Dada wa Marangu

Mimi natembeza wageni Kilimanjaro, niseme kidogo. Kwenye njia ya Marangu au Machame mtu asikuambie unahitaji GPS ili usipotee. Njia imekanyagwa ikakanyagika, na siku hizi kambi ya Horombo kuna hadi intaneti, TTCL waliiweka 2022. Wageni wanakuja na mashine za gharama kuliko mshahara wangu, wanazitumia kuhesabu hatua.

Faida yake naiona kwenye vitu viwili. Ukungu ukishuka kwenye uwanda wa juu, Shira au ile nyika kati ya Mawenzi na Kibo, unaweza kupishana na njia kwa mita chache tu ukaenda. Hapo rekodi ya ulikotoka inasaidia, kwenye Garmin inaitwa TracBack, inakurudisha kwa njia ileile uliyopita. Lakini iwashe kabla ukungu haujaja, jamani. Haiwezi kukumbuka njia ambayo haikuirekodi.

Cha pili ni mwinuko. Mwinuko wa setilaiti unayumba kuliko mahali, leo ukisimama kibaoni unasoma hivi, baada ya robo saa unasoma vile. Mashine zenye kipimo cha shinikizo la hewa ndani ni bora, ila nacho kinasukumwa na hali ya hewa: shinikizo likibadilika usiku, asubuhi umeamka mahali palepale na mashine inasema umepanda. Ninachofanya, nikifika penye kibao chenye namba naisahihisha kwa mkono. Horombo mita 3,720, naandika. Kileleni 5,895, hapo tena huhitaji.

Betri: usiku wa kwenda kileleni baridi inazimaliza betri za kawaida, za alkalini, upesi sana. Tumieni lithiamu za AA, zile zisizochajiwa. Ghali, lakini zinavumilia baridi. Na mashine ikae ndani ya koti, isininginie kwenye begi kwa mapambo.

Mgeni wa Jukwaa

Dada, hizo zenye kitufe cha SOS vipi? Nimeona mzungu mmoja anayo, anachati na mkewe akiwa porini kabisa.

Dada wa Marangu

Hiyo ni inReach, ipo ya peke yake na ipo iliyounganishwa na GPS, kama GPSMAP 67i. Inatuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, kwa hiyo ulipie kila mwezi, usipolipia inabaki GPS ya kawaida. SOS ukiibonyeza inakwenda kituo cha Garmin kilichoko Texas, wao ndio wanaanza kutafuta nani wa kukuokoa huku kwetu. Kwa hiyo kabla ya safari jaza vizuri namba za ndugu na za kampuni yako, maana Texas hawamjui mwenyekiti wa kijiji chako. Na kwa kuwa hicho ni chombo cha mawasiliano, si kipokezi tu, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kukiagiza.

---

Bamvua

Assalaam alaikum wana jukwaa. Nyie mnaongea milima, sie wa baharini mmetusahau. Huku Tanga nahodha ambaye hana GPS siku hizi ni wa kuhesabu.

Wazee wetu walikuwa wanaulenga mwamba wa kuvulia kwa alama mbili za nchi kavu: mnazi fulani ukikaa sawa na kilima fulani, na upande wa pili mnara ukikaa sawa na ncha ya kisiwa, hapo tupa nanga. Hilo bado tunalijua na linafanya kazi mpaka ukungu, mpaka usiku, mpaka mwenye shamba aukate mnazi. GPS haikatwi.

Maelekezo ya mtu wa bahari. Kwanza mashine inayoelea. eTrex ikiponyoka mkononi inakwenda kukutana na pweza. GPSMAP 78 na 86 zinaelea. Kama unayo isiyoelea ifunge kamba na mkanda wako, usiifunge na mashua, maana ukianguka wewe ndiye unayehitaji kujua uko wapi.

Pili, wanaposema haingii maji, someni masharti. IPX7 maana yake mita moja kwa nusu saa, na maji ya majaribio ni matamu. Chumvi ikiingia kwenye kifuniko cha betri inakula chuma. Kila ukitoka baharini suuza kwa maji ya kisima, futa, fungua kifuniko kipumue kivulini.

Tatu, andika majira (koodineti, yaani namba za mahali) kwa digrii na dakika zenye desimali. Dakika moja ya kaskazini-kusini ni maili moja ya bahari, mita 1,852, ukijua hivyo unapiga hesabu kichwani. Namba ya tatu baada ya nukta ni kama mita mbili, huhitaji zaidi.

Nne, kuna kitufe cha mtu kaanguka, kinaandikwa MOB. Jifunze kilipo mashine ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Mtu akianguka usiku, chombo kinaendelea na upepo, ukigeuka baada ya dakika tano humjui alipo. Bonyeza kwanza, piga kelele baadaye.

Tano, na hii ni siri: mwamba wako usiuite "mwamba mzuri wa changu". Uite "duka la mangi" au jina la shangazi. Kuna watu wanaazima GPS "waangalie saa", wakiirudisha pointi zako zote wanazo. Wiki inayofuata unawakuta wamekaa juu ya madema yako.

Mzururaji wa Mikoani

Shehe Bamvua, hapo kwenye shangazi nimecheka kwa sauti. Lakini ni ushauri wa maana hata nchi kavu, wafuga nyuki wanaibiana mizinga kwa njia hiyohiyo.

---

Fundi Mipaka

Nimekaa kimya kwa makusudi nione kama kuna mtu atataja datamu. Hakuna. Sasa nisikilizeni, maana hii ndiyo inayowaletea "GPS imenidanganya".

Dunia si mpira uliokamilika, kwa hiyo wapimaji huchagua umbo la hesabu la kuiwakilisha, na mahali pa kulibandika. Huo uchaguzi ndio datamu. Setilaiti za GPS, simu yako na Google wanatumia WGS84. Ramani za karatasi za 1:50,000 unazonunua Wizara ya Ardhi zimechorwa kwa Arc 1960, na za Kenya na Uganda ni hivyohivyo. Sehemu moja, namba zilezile, ukizisoma kwa datamu moja na kuzichora kwa nyingine, zinatofautiana takriban mita 300, nyingi zikiwa upande wa kaskazini-kusini. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6. Inaonekana ndogo kwenye meza. Porini ni bonde zima la pili.

Dawa yake ni dakika moja. Ingia kwenye mipangilio ya namna ya kuonyesha mahali, utaona datamu ya ramani. Ukisoma karatasi ya zamani, weka Arc 1960, ipo kwenye orodha. Ukimtumia mtu wa simu, rudisha WGS84. Upimaji mpya wa serikali umehamia TAREF11, ambao kwa mashine ya mkononi uone kama WGS84 tu. Na ukimpa mtu koodineti, andika datamu pembeni. Namba bila datamu haijakamilika.

La pili ni namna ya kuandika. Mtu anapiga simu: "sita thelathini arobaini na tano kusini". Mmoja anaandika digrii 6 dakika 30 sekunde 45. Mwingine anaandika digrii 6 na dakika 30.45. Sekunde 45 ni robo tatu ya dakika, yaani 30.75. Tofauti ya hapo inazidi nusu kilomita. Wote wawili wamesikia sawasawa.

La tatu, mashamba. Yule ndugu wa shamba la marehemu baba. GPS ya mkononi inaruhusiwa kabisa kukupa makisio ya ukubwa, na inafanya vizuri kadiri shamba linavyokuwa kubwa. Tuchukue hali mbaya, mashine imekosea mita 3 kwenda nje kila upande. Shamba la mraba la ekari 50 litazidi kwa chini ya asilimia 3, nani analalamika. Shamba la ekari moja, ambalo upande wake ni kama mita 64, litazidi kwa karibu asilimia 20. Kiwanja cha 20 kwa 20 kitasomeka 26 kwa 26, mita za mraba 676 badala ya 400. Halafu mtu anakwenda na hiyo namba kwa mtendaji kumshtaki jirani!

Mipaka na hati ni kazi ya mpimaji aliyesajiliwa, mwenye mashine ya sentimita, anayeanzia kwenye mawe yaliyopimwa. Hiyo ya mkononi ikusaidie kulipata jiwe lilipo kwenye majani, basi. Na ile namba ya usahihi inayoandikwa kwenye kioo, "mita 3", ni makisio ya mashine yenyewe. Haijaapa.

Mgeni wa Jukwaa

Fundi ubarikiwe. Sasa kwa nini nikiwa nimekaa nakula chakula mashine inaongeza umbali? Nilisimama mita zikasoma nimetembea zaidi ya robo kilomita.

Fundi Mipaka

Kwa sababu mahali unapoonyeshwa panayumba kila sekunde, mara hatua mbili kulia, mara tatu kushoto, na yenyewe inajumlisha. Ukisimama muda mrefu, simamisha kurekodi. Ukitaka pointi moja iwe nzuri, tumia kazi ya kutafuta wastani, mashine nyingi za Garmin wanayo: iache dakika kadhaa pale chini, isome mara nyingi, yenyewe ikokotoe. Ukirudi saa kadhaa baadaye ukarudia, ni bora zaidi, kwa sababu setilaiti zimehama.

---

Mwana wa Chamwino

Naomba niwape mchezo wa bure wenye GPS mnaokaa Dodoma. Kuna mradi wa dunia nzima ulianza 1996, unaitwa Degree Confluence Project: watu wanafuata mahali ambapo digrii kamili ya latitudo inakutana na digrii kamili ya longitudo, wanapiga picha pande nne na picha ya kioo cha GPS chenye sufuri tupu. Hakuna zawadi. Ni utundu tu.

Ya kwetu ni 6 Kusini, 36 Mashariki. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka, kaskazini-mashariki. Utamu wake ni kwamba 36 Mashariki ndiyo mpaka wa zoni za UTM, ule mfumo wa kuandika mahali kwa mita, unaoigawa dunia kwa zoni. Ukiwa upande wa magharibi kioo kinasoma 36M, namba ya mashariki ikiwa kama 832,000. Piga hatua upande wa pili, inaruka kuwa 37M na namba inashuka hadi kama 168,000. Hujaenda kokote, umevuka mstari tu.

Msicheke, hili lina kazi. Dodoma na Iringa zipo zoni ya 36, Morogoro na Dar es Salaam 37, Kigoma 35. Mtu wa Dar anampigia wa Dodoma namba za UTM bila kutaja zoni, mwenzake akiziingiza anajikuta kapelekwa mamia ya kilomita pembeni.

Na kufika kwenye sufuri zote kuna kazi yake. Badilisha kwanza iwe digrii zenye desimali, tembea mashariki hadi 36.00000 ikae, halafu fuata latitudo. Ukihama hatua moja namba ya tano inabadilika. Mtazunguka hapo kama kuku anayetafuta pa kutagia, watoto wa kijiji wakiwaangalia. Mkitaka kuingia kwenye shamba la mtu, anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Na panapoandikwa eneo la jeshi, mashine irudi mfukoni, wewe urudi nyumbani.

Mtu wa Nanyuki

Wadau, salamu kutoka Kenya. Mwenzetu wa Chamwino amevuka zoni, sisi tunavuka Ikweta. Hapa Nanyuki herufi inageuka kutoka M kuwa N. Upande wa kusini namba ya kaskazini inakaribia milioni kumi, ukivuka inaanzia sufuri. Kwa hiyo ukipanda Mlima Kenya, ambao vilele vyake viko kusini kidogo ya Ikweta, halafu ukamtumia namba dereva aliye Nanyuki upande wa kaskazini bila kutaja herufi, utamngoja sana.

Karatasi zetu za Survey of Kenya pia ni Arc 1960, Fundi amesema ukweli. Mimi niongeze tu kwa wapanda mlima: msitu wa mianzi unameza mawimbi vibaya sana. Ukitoka kwenye mianzi, simama mahali pa wazi, ipe mashine dakika moja itulie kabla hujaamua njia panda.

---

Mgeni wa Jukwaa

Wakuu, swali la mwisho. Kuna jamaa ananiuzia eTrex ya zamani sana, ile ya njano ya kizazi cha kwanza. Bei ni ya kirafiki, ila tarehe inasoma miaka mingi nyuma. Anasema ni betri ya saa imekufa. Nichukue?

Mzururaji wa Mikoani

Si betri ya saa. GPS inahesabu wiki kwa namba inayofika 1,023 halafu inarudi sufuri, kama kila miaka 20 hivi. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Mashine za zamani ambazo hazikusasishwa zikabaki zinaamini ni mwaka mwingine. Mahali inapokuonyesha kwa kawaida panabaki sahihi, tarehe ndiyo inayoharibika, pamoja na vitu vinavyotegemea tarehe kama saa ya jua kuzama. Kama kazi yako ni kurudi ulikotoka, unaweza kuishi nayo. Kama unarekodi mizinga kwa tarehe, itakusumbua.

Kabla hujatoa hela mwambie mtoke nje, si dukani ndani. Fungua kifuniko cha betri, angalia zile chuma: ukiona unga wa kijani, alkalini zilivuja, rudisha. Bonyeza kila kitufe, hasa cha pembeni, raba ya vile inachoka na maji yanapitia hapo. Weka betri zako mpya, si zake. Ngoja ishike, halafu linganisha koodineti na za simu yako, zote zikiwa WGS84 na namna moja ya kuandika. Zikipishana mita 10 ni sawa. Zikipishana mita 300 usimwite mwizi, angalia kwanza datamu ni ipi.

Na mwulize waya wa kuunganisha na kompyuta. Zile za njano zinatumia waya wake wa aina ya peke yake, si USB. Kama hana huo waya, mshushe bei tena.

Mgeni wa Jukwaa

Waya hana. Nakwenda kumshusha.